Maji ya Kahawia ya Santa Prisca

Shamba la bwana Verlyn, Wisconsin
14 Novemba 2004

Dada Eduviges,

Shikamoo. Mama nambusu mkono. Natumaini mko wazima, pamoja na yule punda mbishi. Mimi mwili hauna neno, ila baridi imeanza kunitafuna masikio. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kibanda cha simu cha bi Chayo nakijua: kipaza sauti kikitaja jina lako, nusu ya Santa Prisca inakuja kununua chumvi ili isikie.

Niliwaambia nimepata kazi ya umeme. Si uongo, ila si kweli yote. Kazi yangu ni mavi ya ng'ombe. Bwana Verlyn ana ng'ombe mia sita. Samadi yao tunaisukuma kwenye tangi kubwa lililozikwa nusu ardhini, pamoja na maji ya jibini kutoka kiwanda cha jirani na viazi vilivyooza. Tangi linafunikwa gubigubi na kupashwa moto, na wiki tatu baadaye linatoa gesi. Gesi inaendesha injini, injini inawasha taa za zizi zima na nyumba za jirani. Makapi yanayobaki yanakaushwa, hayanuki tena, ng'ombe wanalalia. Maji yanakwenda kwenye mahindi. Hakitupwi kitu.

Juzi nilijaribu kumweleza bwana Verlyn kazi ya kwetu. Nikamwambia tunaoka mioyo ya mkonge shimoni, tunaiponda, tunaichachusha, tunakeneka pombe yetu ya meskali. Nikamwambia kwa kila pipa la meskali chunguni yanabaki mapipa kumi ya vinasa, maji ya kahawia, makali kuliko siki, yanayounguza majani na kuua samaki. Akaniuliza, "Na mnayapeleka wapi?" Nikajifanya sijaelewa Kiingereza chake.

Siku hizi mnaimwaga wapi? Shimo letu la vinasa lingali zima?

Nisalimie majirani.

Mdogo wako,
Celerino


Santa Prisca
3 Januari 2005

Mdogo wangu Celerino,

Salamu zako zimefika, na Mama amezipokea kwa mikono miwili. Goti linamsumbua, lakini pilipili za mole, ule mchuzi wa Krismasi, alizisaga mwenyewe, hakutaka msaada wa mtu. Nilipomsomea kwamba unalipwa kwa mavi alicheka mpaka akakohoa. "Hapa nilikuwa namkimbiza na koleo nyuma ya punda, ananiambia yeye si mtu wa mavi!" Punda yu mzima na ubishi wake. Binti wa Hermelinda ameolewa kule Tlacolula.

Umeandika "nisalimie majirani". Nimewasalimia. Yuko mmoja hukumtaja, na ndiye aliyekubeba siku ya ubatizo wako, kwa hiyo habari zake nakupa bila kuulizwa.

Wewe uliondoka wiki mbili baada ya sikukuu ya Kandelaria ya mwezi wa pili, mkutano wa kijiji haujakaa. Unakumbuka tulivyotoka kanisani na bendi ikipiga, tukakuta kijito chote kimegeuka kahawia, samaki tumbo juu. Maksai wawili wa mjane Hermelinda walikuwa wamekwisha kunywa. Walikufa siku ya tatu. Kisima cha mtaa wa chini kilinuka mpaka mvua ziliposhika.

Mkutano ulikaa mwezi wa tatu. Wazee walifuata mtaro kwa miguu kutoka kijitoni kwenda juu, wakafika kwenye shimo la baba Wulfrano, huyo baba yako wa ubatizo. Shimo lake lilikuwa na ufa. Wakasema, basi, ni yeye. Alisimama, akasema, "Si mimi," mara tatu, akaketi. Wamemfungia mtambo wa meskali miaka mitatu. Jina lake limefutwa kwenye orodha ya kijiji, haruhusiwi kusema mkutanoni wala kubeba sanamu ya mtakatifu.

Na maksai wake mwenyewe alimpa Hermelinda. Mkewe, bi Nati, alimlilia: "Mbona unalipa kosa ambalo si lako?" Akamjibu, "Mjane hawezi kungoja ukweli upatikane ndipo alime."

Vinasa yetu tunaibeba kwa punda hadi korongoni, kama mkutano ulivyoagiza. Kuhusu shimo letu sina la kukuandikia.

Dada yako,
Eduviges


Wisconsin
27 Februari 2005

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Theluji ilifunga barabara, kisha nikaugua mafua, kisha kalamu ikaisha wino. Mpe Mama pole ya goti, mwambie ajipake mafuta ya kondoo na asichote maji mwenyewe.

Nimefikiri sana juu ya vinasa. Tangi kama hili la huku hatuliwezi, lakini kuna jambo moja. Unakumbuka pale njiani punda alipozoea kumwaga akijitikisa? Udongo ule ulikuwa mgumu kama sakafu, hata jembe liliruka. Na machicha ya mkonge tunayoyalundika nyuma ya mtambo yana nyuzi ndefu. Makapi ya huku yakikauka ndani ya tope la samadi, huyapasui kwa mkono. Chukua udongo mwekundu wa kilimani, tia machicha, badala ya maji tia vinasa iliyopoa, na majivu kidogo ya kuipunguzia ukali. Fyatua matofali. Yakikubali, hutabeba tena mapipa hadi korongoni, na hakuna tone litakaloingia kijitoni.

Nimekuchorea kalibu nyuma ya karatasi hii.

~~Baba Wulfrano~~

Mstari niliofuta hapo juu usijaribu kuusoma.

Celerino


Santa Prisca
19 Aprili 2005

Mdogo wangu,

Hatujambo. Goti la Mama limepungua, sasa anakwenda sokoni mwenyewe na kurudi na maneno ya watu. Kuku wa kizungu uliotutumia fedha ya kuwanunua wote wamekufa, wa kienyeji wamebaki wakiwacheka.

Mstari niliusoma. Uliufuta vibaya.

Matofali ya kwanza yalivunjika nilipoyainua. Ya pili yalipasuka juani. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya vipande, tope mpaka kwenye nywele, nikasikia mtu ukutani: "Hayo si matofali, mama, hiyo ni keki ya harusi." Alikuwa baba Wulfrano. Tangu wamfutie jina hapiti njia kuu, anapita nyuma ya nyua za watu.

Niliona haya hata sikujua mikono niiweke wapi. Yeye akaruka ukuta, na umri wake ule, akachovya kidole kwenye vinasa, akaonja, akatema. "Kali mno. Iache siku mbili. Na machicha yakate urefu wa kidole, ukiyaacha marefu yanavuta udongo." Akakunja suruali akaanza kukanyaga tope.

Sasa anakuja kila siku. Fedha hataki, anakula nasi. Kalibu tunayotumia ni yake, aliijengea nyumba yake alipooa. Tumeshafyatua matofali ya kutosha jiko zima la Mama. Ni magumu, mepesi kuliko ya kawaida, na mchwa hawayagusi. Wenye mitambo watatu wamekuja kuyagonga kwa visu, na mmoja ameniuliza kama nitamchukulia vinasa yake. Walimsalimia kila mtu uani isipokuwa mzee, naye aliendelea kukanyaga kama hakuwaona.

Kwa hiyo, Celerino, mtu aliyefungiwa mtambo kwa ajili ya vinasa anakanyaga vinasa yetu kwa miguu yake, na miguu imepasuka kwa ukali wake. Usiku namchemshia maji ya chumvi aende nayo nyumbani. Jana aliniuliza habari zako. "Mwanangu anakwenda misa huko? Mwambie asiache." Nikasema nitakwambia. Nimekwambia.

Eduviges


Wisconsin
12 Juni 2005

Dada,

Leo barua hii isome peke yako.

Wiki tatu zilizopita koki ya bomba la kutolea maji ilibaki wazi. Samadi ilishuka bondeni mpaka kwenye kijito cha majirani. Asubuhi tulikuta maji meusi, na samaki. Nilipowaona wale samaki nikakaa kwenye nyasi. Wenzangu walidhani ni mimi niliyeiacha. Hata mimi nilikaribia kudhani hivyo.

Bwana Verlyn akasema, "Niliifungua mimi jana jioni, nikasahau." Mtu wa miaka sabini, mwenye shamba. Akapiga simu serikalini mwenyewe. Kisha akaniambia nipakie madumu ya maji safi kwenye gari, tukapita nyumba kwa nyumba. Kila mlango alivua kofia. "Nimeharibu kijito chenu. Ni mimi." Mlango wa nne mwanamke mmoja alimtukana matusi ambayo nimejifunza maana yake siku ile. Bwana Verlyn alisimama akayasikiliza mpaka yakaisha, ndipo akashusha dumu. Tukarudi garini. Nikamuuliza, "Ungeweza kunyamaza. Nani angejua?" Akanitazama kama nimeongea Kizapoteki cha kwetu.

Dada, ni mimi.

Siku ya Kandelaria shimo letu lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Mlikuwa kanisani. Mapipa kumi na manne ya kubeba hadi korongoni kwa punda mmoja, na bendi naisikia, na wenzangu wananisubiri. Nikachukua mtaimbo, nikabomoa ukingo upande wa mtaro. Nilidhani ardhi itainywa vinasa njiani. Nilisimama nikaona haiinywi, na sikuziba. Nilipoona ikipita kando ya shimo la baba Wulfrano nikafurahi, dada. Hilo ndilo linalonila. Kabla hata ya samaki nilikwisha kuona ni nani atakayedhaniwa, nikafurahi. Kisha nikatengeneza ukingo wetu vizuri na kwenda kucheza ngoma.

Misa siendi. Mwambie ninakwenda.

Celerino


Santa Prisca
30 Julai 2005

Celerino,

Barua yako ilifika Mama akiwa mlangoni. Akaibusu bahasha, akaketi, akasema, "Nisomee." Ningemwambia nini? Nikafungua, nikaona maneno ya kwanza, na kwa dakika kumi nikamsomea barua ambayo hukuiandika. Nilisema umenenepa. Nilisema bwana Verlyn anakupenda kama mwanawe. Akaniuliza, "Mbona unasoma kwa kusitasita?" Nikasema mwandiko ni mbaya.

Nimekaa na barua hii wiki mbili nikitafuta jinsi ya kukujibu kama mtu anayeshangaa. Sikuweza, kwa sababu nilijua.

Suruali yako ya sikukuu ulikuwa umeificha chini ya magunia ya mahindi. Niliiona jioni ile ile. Vinasa ilikuwa imepanda mpaka magotini, imekauka. Mtu anayebeba mapipa anachafuka mabegani. Anayesimama kwenye mtaro ndiye anayechafuka magotini. Niliifua mara tatu kwa majivu, na doa lilipokataa kutoka niliichoma kwenye tanuri la mkonge. Mkutanoni nilikaa safu ya pili. Tangu Baba afariki mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti cha nyumba yetu, nina sauti sawa na mwanamume yeyote mle. Baba Wulfrano aliposema "Si mimi" mara ya tatu, alitazama upande wetu. Hakuwa ananishuku, alikuwa anatafuta rafiki. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu.

Wewe ulikimbia. Mimi nimekaa mwaka na nusu nikijua, na sasa kila siku nampakulia maharage.

Kama ulitaka kuniachia mzigo ili wewe upumue, sipokei, nina wangu. Kama unataka mzee arudishiwe jina, andika karatasi ya mkutano, yenye jina lako kamili, nami nitaisoma. Lakini ujue kwamba nikimaliza yako nitasema na yangu, na kwamba hata mtambo wetu hautabaki. Fikiri vizuri. Usinijibu kwa haraka halafu ukanigeuka.

Eduviges


Wisconsin
25 Agosti 2005

Dada,

Shikamoo. Sikujua kwamba uliiona ile suruali. Nimeisoma barua yako nimesimama zizini mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kukamuliwa. Nisamehe kwamba nilikufanya uifue.

Karatasi ndiyo hii. Nimeiandika mara tisa, na kila mara nilijikuta naweka sababu. Hii haina.

"Kwa mkutano wa Santa Prisca. Mimi, Celerino Mateos Luis, mtoto wa marehemu Ausencio, ndiye niliyebomoa shimo letu siku ya Kandelaria mwaka 2004 na kuingiza vinasa kijitoni. Nilifanya kwa uvivu. Nilijua lawama itamwangukia mzee Wulfrano, nikaiacha imwangukie. Maksai wa bi Hermelinda ni mimi niliyewaua. Mzee alisema kweli mara tatu. Adhabu mtakayotoa naipokea."

Nikivuka kurudi nyumbani, sitaweza kuvuka tena kuja huku, unajua mpaka ulivyo sasa. Wakiniita nitakuja.

Celerino


Santa Prisca
30 Novemba 2005

Mdogo wangu Celerino,

Mama anakusalimu. Nimemweleza yote kabla ya mkutano, sikutaka ayasikie kwa bi Chayo. Aliondoka jikoni, lile jiko jipya tulilolijenga kwa matofali, akapika nje juani siku nne. Siku ya tano aliingia, akawasha moto, akasema, "Goti haliwezi kuinama nje." Basi.

Mkutano ulikaa Jumapili ya pili baada ya Siku ya Wafu. Mzee Wulfrano alikuwa mlangoni, kwa upande wa nje, ndipo anaporuhusiwa kusimama. Niliomba nafasi, nikasoma karatasi yako. Mwenyekiti akanishikia ncha moja ya karatasi ili nione maandishi. Nilipomaliza nikasema, "Na mimi nilifua suruali." Nikaeleza. Sikulia, nilikuwa nimekwisha kulia uani mbele ya punda.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hermelinda ndiye aliyesimama kwanza, akaniuliza swali moja: "Maksai walipokufa nikaja kwako kuazima punda wa kulimia, ulikuwa unajua?" Nikasema, "Ndiyo." Akaketi.

Wameamua hivi. Jina la mzee limesomwa tena kwa sauti na kuandikwa mbele ya watu wote, na mtambo wake umefunguliwa. Wetu umefungwa miaka mitatu, sawa na yeye. Badala ya maksai wake, shamba letu la chini, lenye mkonge wa miaka saba, ni lake. Mimi nimepangiwa kuchimba shimo la pamoja la wenye mitambo wote, kulijengea kwa matofali na kuhakikisha vinasa ya kijiji haiendi mahali pengine. Wewe unatakiwa hapa kabla ya Kandelaria, utumikie kijiji mwaka mzima, uanze kwa kusafisha kijito kutoka juu hadi chini, kwa mikono. Usipokuja jina lako linafutwa, na halitaandikwa tena.

Wakamwita mzee aingie ndani aseme. Aliingia, akasimama palepale alipoketi ile siku. Akasema, "Nilimbeba yule siku ya ubatizo, kichwa chake kikinitosha kiganjani." Walisubiri aendelee. Akatoka.

Kesho yake alikuja uani na kutwaa kalibu yake. Hakunisalimu. Nilisema, "Baba Wulfrano." Akaendelea na njia, na safari hii alipita njia kuu. Wiki mbili nimefyatua peke yangu kwa kalibu niliyoiunga kwa mbao za kitanda chako, na matofali yanatoka yamepinda. Watu wananiletea vinasa, wanaishusha mlangoni, wanaondoka. Sina wa kumlaumu.

Juzi mzee alikeneka kwa mara ya kwanza. Moshi wake tuliuona kijiji kizima. Jana bi Nati alikuja na mkokoteni na mapipa mawili ya vinasa, bado ya moto. Kutoka kwao, korongo ni karibu kuliko uani kwetu, angeweza kuimwaga huko, hakuna ambaye angemlaumu. Nikamuuliza, "Amekutuma yeye?" Akasema, "Amesema niilete. Amesema pia udongo wako unautia maji mengi, ameuona akipita." Nikamuuliza kama alisema jambo jingine. "Binti," akaniambia, "hilo tu limemchukua asubuhi nzima."

Najua utaniuliza kama amekusamehe. Sikumuuliza, na sitamuuliza kwa niaba yako. Basi la Tlacolula linafika saa nne asubuhi, na nyumba yake unaijua. Njoo umuulize mwenyewe.

Dada yako,
Eduviges